Toleo la Saa Tano, Ukurasa wa Sita

Jumanne, 5 Septemba

Jaji Adelaide Whitcombe wa mahakama ya shirikisho, Macon, ameamuru leo kwamba ombi la mfungwa Cedric Mobley lisikilizwe Jumanne tarehe 14 Novemba, saa tatu asubuhi. Amri ina kurasa nne. Nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu mkononi, ingawa gazeti nililoliandikia lilifungwa miaka tisa iliyopita na hakuna anayesubiri habari yangu.

Swali litakalosikilizwa ni moja: Mobley alichelewa au hakuchelewa. Kama alimuua mwenye duka Lyle Pruett au hakumuua, si swali la siku hiyo. Hilo liliamuliwa na watu kumi na wawili wa juri hapa Kaunti ya Ashmore, Machi 2003, na jimbo la Georgia likampa kifungo cha maisha. Mahakama ya shirikisho hairudii kesi ya jimbo. Inaangalia kama haki iliyo ndani ya katiba ilivunjwa, na kabla ya kuangalia inamuuliza mfungwa alibisha hodi lini. Ana mwaka mmoja, ukiondoa muda anaoutumia kwenye mahakama za jimbo. Mwaka huo huanza siku ambayo mtu mfuatiliaji angeweza kuligundua jambo lenyewe.

Jambo lenyewe ni hili. Shahidi mkuu, Ricky Faircloth, aliahidiwa kwamba kesi yake ya wizi wa gari ingefutwa akitoa ushahidi. Juri liliambiwa hapakuwa na ahadi yoyote. Barua ya ahadi ilipatikana kwenye jalada la kesi miaka miwili iliyopita, na Mobley anaanza kuhesabu hapo. Jimbo linasema angeweza kujua zamani. Halijasema vipi.

Dukani nilikutana na dada wa Mobley, Vonetta, msimamizi wa jiko la shule ya msingi. Hakunisalimia kwanza.

"Bi Loretta, ulikaa benchi la mbele kila siku ya kesi. Siku zote hizo sikio lako halikudaka kitu?"

"Lilidaka, na niliandika," nikamwambia. "Tarehe kumi na tatu Machi, ukurasa wa sita. Kazi yangu ilikuwa kuandika, Vonetta. Kuwasomea watu haikuwa kazi yangu."

"Ukurasa wa sita," akasema. "Haya."

Akasukuma kigari chake kuelekea kwenye unga.

Jumatano, 6 Septemba

Joto. Hakuna cha kuandika.

Jumamosi, 9 Septemba

Kaka yangu Emmett ameanza kung'oa karanga. Mashine imezilaza kwenye mistari, mizizi juu, zikauke siku tatu kabla ya kupukuchuliwa. Hizo siku tatu ndizo mwaka wake mzima. Nilimpelekea chai baridi pembeni mwa shamba.

"Umependeza," akaniambia. "Nani amekusifu?"

"Hakuna."

"Basi umejisifu mwenyewe. Nakujua mimi."

Jumatano, 13 Septemba

Amenipigia mpelelezi wa ofisi ya wanasheria wa jimbo. Kijana mwenye adabu, anaita kila mtu mama. Alikuwa anawapigia wote waliokuwepo kwenye kesi ya 2003. Aliniuliza kama kuna aliyejua habari za Faircloth wakati ule.

Nilimwambia kwamba gazeti la kaunti lilijua, kwa sababu mimi nilijua. Nikampa tarehe, ukurasa na safu. Nilimwambia pia kwamba maktaba ya chuo kikuu ina magazeti yetu yote yaliyopigwa picha kwenye filamu, asihangaike kuja huku.

"Mama, umenirahisishia kazi sana," akasema.

Nilikuwa na furaha jioni yote. Naiandika hapa kwa sababu ni ya kweli.

Jumapili, 17 Septemba

Kanisani Wendell Crouse alinishika kiwiko. Ndiye aliyekuwa mwendesha mashtaka wa kaunti wakati ule, na hulifupisha jina langu kuwa Lori. Sasa ana miaka themanini na moja, amestaafu na ana shamba la miti ya pekani, njugu za huku.

"Lori, nasikia vijana wa jimbo wamekupata."

"Wamenipata."

"Na umewasaidia."

"Nimewaambia kilichochapishwa."

"Ndiyo maana nilikuwa nasema, huyu akifa tutazika na kumbukumbu za mahakama yetu," akasema, na watu waliokuwa karibu wakacheka.

Ijumaa, 22 Septemba

Mvua, nusu inchi. Emmett alikuwa amewahi kuingiza ekari arobaini. Zilizobaki bado ziko ardhini.

Ijumaa, 29 Septemba

Jimbo limewasilisha jibu la ziada. Kiambatisho C ni nakala ya filamu ya gazeti letu, Alhamisi 13 Machi 2003, ukurasa wa sita. Sentensi ya mwisho ya habari yangu imezungushiwa mstari: "Wakili wa Faircloth alisema shtaka la wizi wa gari linalomkabili mteja wake linatarajiwa kufutwa baada ya ushahidi huo."

Hoja ya jimbo ina aya mbili. Jambo lilitangazwa kwa umma mwaka 2003. Mtu mfuatiliaji angelijua. Mwaka wa Mobley ulikwisha zamani, na amechelewa kwa karibu miaka kumi na saba. Ombi litupwe bila kusikilizwa kiini chake.

Saa nane mchana akapiga simu wakili wa Mobley, Judith Kessler, kutoka Atlanta. Hakupandisha sauti.

"Ni wewe uliyewaonyesha?"

"Wangeipata tu."

"Wasingeipata. Wamekuwa na kesi hii miezi kumi na minne na hawajawahi kufungua gazeti. Nakuuliza kama ni wewe."

"Ni mimi."

"Nilitaka tu kujua nimwambie nini Cedric," akasema. "Ataniuliza."

Jumapili, 1 Oktoba

Sikwenda kanisani. Nilisema mafua.

Jumanne, 3 Oktoba

Vonetta alikuja nyumbani saa kumi, bado amevaa aproni ya shule. Katika miaka arobaini hajawahi kupanda ngazi za kibaraza changu. Mama yake aliingia kwa mlango wa nyuma, siku za Jumanne na Ijumaa, kutufulia. Nilimkaribisha ndani, akasema pale pale kibarazani panatosha.

Alikuwa na boksi la shati. Ndani mna kila habari ya kesi, aliyoikata mama yake kwa mkasi na kuiandikia tarehe kwa kalamu ya risasi. Ya tarehe 13 hakuikata. Ameweka ukurasa mzima, umekunjwa mara nne.

"Soma," akasema.

Nilisoma. Kichwa cha habari ni changu, jina ni langu. Habari inaishia kwenye saa ambayo juri lilitoka kwenda kujadili. Chini yake kuna tangazo dogo la matairi, limewekwa mahali ambapo ingekuwa sentensi yangu.

"Wiki nne nilikuwa najilaumu," akasema Vonetta. "Nikasema, mama alisoma kila neno, na mimi nilimsomea yale aliyoshindwa, ilitupitaje? Kaka anakaa mle ndani miaka ishirini kwa sababu mimi nilikuwa na usingizi? Jana nikasema ngoja nitoe boksi. Sasa wewe niambie, Bi Loretta. Mbona ya kwetu haina?"

Nikamjibu, "Sijui."

Nilisema hivyo nikimtazama usoni, kwa sauti ileile niliyotumia kuwauliza watu maswali maisha yangu yote.

"Hujui," akasema. Akafunga boksi. "Haya. Nitampelekea wakili, labda yeye atajua."

Jumatano, 4 Oktoba

Najua.

Niandike kama ningemwandikia mhariri, kwa mpangilio, bila kujitetea.

Gazeti letu lilikuwa la mchana. Lilichapishwa mara mbili kwa siku. Mkupuo wa kwanza ulitoka saa tano asubuhi, kwa ajili ya mifuko ya posta: wenyeji waliohamia Atlanta au Florida, wanajeshi, maktaba ya chuo kikuu. Nakala 640. Mkupuo wa pili ulitoka saa saba na nusu, kwa ajili ya kaunti yenyewe: maduka, nyumba, mahakama, jela ya kaunti. Nakala elfu tano na kidogo. Kati ya mikupuo miwili tuliweza kusahihisha makosa. Kwa hiyo waliotusoma kwa mbali walisoma makosa yetu, na waliotusoma kwa karibu walisoma tuliyokwisha kuyafikiria upya. Sisi wa gazetini tulilijua hilo kama tunavyojua milango ya nyumba zetu. Nje ya jengo, ukimtoa Crouse, sidhani kama kuna aliyelijua.

Sentensi ile niliipata Jumatano kwenye korido, kutoka kwa wakili wa Faircloth, aliyekuwa ananitongoza kidogo na kujisifu sana. Niliiandika. Ilitoka saa tano.

Saa sita na dakika kumi Wendell Crouse alinipigia simu mezani kwangu. Nakala ya posta ilikuwa imemfikia. Kijana wetu wa mitambo alimpelekea moja kila siku kwa hisani. Alisema juri bado liko chumbani, hawakulazwa hotelini, watarudi majumbani jioni, na mmoja akisoma hiyo, kesi itavunjika na mjane wa Pruett atalazimika kupitia yote upya. Alisema niitoe mpaka hukumu. Alisema hukumu ikitoka nitakuwa wa kwanza kuketi naye, mimi peke yangu, na ataongea kila kitu.

Sikumuuliza mhariri. Hilo nimekuwa nikilizunguka siku nzima leo, nikijaribu kukumbuka kwamba marehemu Bw. Hollis aliniambia niitoe. Hakuniambia. Alikuwa amekwenda kula. Nilishuka mwenyewe kwenye chumba cha mitambo nikamwambia mpanga kurasa, "Toa aya ya mwisho, weka chochote." Akaweka matairi.

Hukumu ilitoka Ijumaa. Niliketi na Crouse saa mbili nzima. Sentensi ilitakiwa irudi Jumamosi. Sikuirudisha. Sikuamua kutoirudisha, nilikuwa na mahojiano marefu na nafasi finyu, na Jumatatu ilikuwa na habari zake. Mwaka uliofuata chama cha waandishi wa jimbo kilinipa tuzo kwa kuripoti kesi ile. Ipo ukutani, juu ya redio.

Crouse hakuwahi kunidanganya mimi. Alilidanganya juri, nami nilikaa mita sita kutoka kwake akilidanganya, nikijua. Nilipenda mlango wake kuwa wazi kwangu. Ndiyo sababu yote. Nimetafuta nyingine haipo.

Sikusema uongo dukani kwa kusahau. Mtu hasahau kushuka ngazi zile. Nilikuwa nimejiambia nusu ya kwanza mara nyingi, kwamba niliandika, mpaka ile nusu ya pili ikawa haihitajiki.

Alhamisi, 5 Oktoba

Emmett ameng'oa zilizobaki. Utabiri ni mzuri hadi Jumatatu.

Jumapili, 8 Oktoba

Baada ya ibada Crouse alinichukua kwenye pikapu yake twende tukaone pekani. Nilijua si pekani. Alisimamisha gari kati ya mistari ya miti, akazima.

"Yule mwanamke wa Atlanta ameniandikia," akasema. "Anauliza kama nilimpigia simu mtu yeyote wa gazetini tarehe kumi na tatu."

"Umemjibu nini?"

"Kwamba sikumbuki. Nina miaka themanini na moja, Lori, hakuna jaji atakayenishangaa. Nawe una sitini na tisa."

"Mimi nakumbuka."

"Unakumbuka au umeamua kukumbuka? Ni vitu viwili." Alikuwa anaongea kwa upole, kama anavyoongea na wajukuu. "Yule bwana alimuua Lyle. Unajua na mimi najua. Faircloth alikuwa mwizi wa magari, sawa, lakini alichosema ni kweli."

"Kama ilikuwa kweli, kwa nini hukuwaambia juri kuhusu ahadi?"

"Kwa sababu juri ni watu. Wangesikia ahadi wasisikie kingine." Akaniangalia. "Uliniuliza swali hilo mwaka ule?"

"Hapana."

"Basi usijifanye umeliokota leo. Ukisimama pale, hutasimama na kumvua nguo Wendell Crouse peke yake. Utajivua na wewe. Watu wa mji huu watakukumbuka kwa hilo, si kwa miaka thelathini na minane."

Nilimwambia anirudishe. Njiani alizungumzia bei ya pekani, na nikamjibu.

Jumanne, 10 Oktoba

Utabiri ulikosea. Mvua tangu jana saa kumi.

Alhamisi, 12 Oktoba

Bado inanyesha. Karanga za Emmett zimelala mizizi juu kwa siku ya saba. Leo alizichukua konzi akanionyesha: maganda meusi, na ndani ukungu.

"Ukizisukuma haraka zinaoza ghalani," akasema. "Ukizisubirisha zinaoza shambani. Mwaka huu nilisubiri."

Nikamwambia yote. Nilianza tu, tukiwa tumesimama chini ya banda. Emmett alisikiliza akivunjavunja maganda.

"Na yule dada yake ulimwambia hujui?"

"Ndiyo."

"Juzi tu? Si mwaka 2003?"

"Juzi."

"Ya 2003 ningeweza kukutetea, haraka, kazi," akasema. "Hii ya juzi, dada, sina la kusema."

Jumanne, 17 Oktoba

Nimempigia Kessler. Alisikiliza dakika ishirini bila kunikatiza, kisha akaniuliza maswali manne: nakala ngapi, zilikwenda wapi, nani aliomba, nani alitoa. Kwamba ukurasa wa boksi hauna sentensi, alisema, jimbo lilikwisha kulijibu: huenda ni kosa la mitambo, huenda nakala nyingine za kaunti zilikuwa nayo. Bila mtu wa kueleza, ni karatasi mbili zisizofanana. Mpanga kurasa amekufa. Hollis amekufa.

"Umebaki wewe," akasema. "Sikupigii makofi, naomba uelewe."

"Naelewa."

Ijumaa, 20 Oktoba

Nimeweka saini hati ya kiapo. Kurasa tatu, aya kumi na tisa. Nilisahihisha tarakimu moja na jina la mtaa.

Kutoka pale nilikwenda jikoni kwa Vonetta, shuleni. Alikuwa anasugua sufuria. Nilimwita Bi Mobley.

"Usianze leo," akasema bila kugeuka. "Miaka arobaini mimi ni Vonetta, leo ndiyo niwe Bi? Sema ulichojia."

Nilisema. Ilichukua chini ya dakika mbili. Kumbe ni fupi. Aliendelea kusugua mpaka nilipofika kwenye matairi, ndipo akasimama.

"Mama alimpelekea yule wakili wa kwanza chakula cha mchana siku ile," akasema. "Wakili wa Cedric. Kuku na viazi. Alikuwa anasoma gazeti lenu akila, mama akamuuliza kuna jipya? Akasema hakuna jipya." Akafuta mikono. "Angekuwa nayo mkononi, saa ileile. Juri bado limo ndani."

"Ndiyo."

"Na nilipokuuliza kibarazani, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Toka jikoni kwangu, Bi Loretta. Nina watoto mia tatu wa kulisha Jumatatu."

Jumapili, 5 Novemba

Kanisani benchi langu lilikuwa na nafasi pande zote mbili. Crouse alinisalimia kwa kichwa. Kama kungekuwa na mwenye gazeti la kuandika hiyo, angeandika kwamba ibada iliendelea kama kawaida.

Jumatano, 8 Novemba

Nimeishusha tuzo ukutani. Palipokuwa nayo rangi ni tofauti. Nimeirudisha, kuificha wiki hii ingekuwa ujanja mwingine.

Jumanne, 14 Novemba

Macon, mvua nyepesi. Kikao kilianza saa tatu na dakika nne. Cedric Mobley aliletwa kwa mlango wa pembeni, amefungwa pingu za miguu. Mara ya mwisho kumwona alikuwa na miaka ishirini na nne. Sasa ana miwani ya kusomea inayoning'inia kifuani kwa uzi, kama ya mhasibu. Katika habari zangu zote za 2003 nilimwandika "mshtakiwa, mrefu, asiyeonyesha hisia." Ni wa kimo cha wastani.

Vonetta alikaa safu ya pili. Emmett alikuja, akakaa nyuma, na kofia magotini.

Hati ya Crouse ilisomwa: hakumbuki kupiga simu.

Niliitwa saa nne. Kessler alinipitisha kwenye mikupuo miwili, mifuko ya posta, simu, ngazi. Nilijibu nilichoulizwa. Kisha akasimama wakili wa jimbo, kijana, ana karatasi chache. Anajua kazi yake.

"Bi Loretta Haskew, Septemba ulimwambia mpelelezi wetu kwamba gazeti lilichapisha habari hii. Ulimwambia kwamba halikuichapisha mjini?"

"Hapana."

"Kwa hiyo ulidanganya."

"Nilimpa nusu. Ndiyo, nilidanganya."

"Na Oktoba ulimwambia dada wa mfungwa kwamba hujui."

"Nilimdanganya na yeye."

"Mahakama ichague lipi? Umedanganya mara mbili vuli hii. Leo ndiyo ya kweli?"

"Leo ndiyo hainifaidi," nikasema. "Lakini sikuombi uniamini kwa hilo. Kuna karatasi mbili mezani zenye tarehe moja."

Akageuza ukurasa. "Nakala mia sita na arobaini zilitoka na sentensi hiyo."

"Ndiyo."

"Zilisomwa na watu."

"Naamini."

"Wengine wenyeji wa Ashmore. Wenye ndugu Ashmore. Wenye simu."

"Ndiyo."

"Na tangu mwaka ule filamu imekuwa maktaba ya chuo kikuu, wazi kwa yeyote."

"Wazi, ndiyo."

"Mtu mfuatiliaji angeweza kuikuta?"

Kessler alipinga, jaji akaniruhusu nijibu. Nilifikiri. Ningeweza kusema hapana, na nilitaka kusema hapana, na Vonetta alikuwa ananitazama. Lakini nilikuwa nimeapa, na nimewaona watu wengi wakijaribu kulipia uongo wa zamani kwa uongo mpya.

"Angeweza, kama angejua aitafute," nikasema. "Aliyekuwa na gazeti la mjini mkononi hakuwa na sababu ya kwenda kulisoma tena kwenye filamu."

Nilimwona Vonetta akifumba macho. Sijui kama jibu lile lilimsaidia kaka yake au lilimwangusha. Nimeandika habari za mahakama miaka thelathini na minane na sijui.

Wakili wa jimbo akaketi. Jaji Whitcombe alivua miwani, akaniuliza mwenyewe.

"Siku ile, nani katika kaunti ile alijua kwamba kuna gazeti lenye sentensi na gazeti lisilo nayo?"

"Mpanga kurasa, mimi na Bw. Crouse."

"Mwendesha mashtaka."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Na mshtakiwa alikuwa wapi?"

"Jela ya kaunti. Walipelekewa nakala nane za saa saba na nusu."

"Nani alihakikisha kwamba nakala hizo nane hazina sentensi?"

"Mimi," nikasema.

Aliandika kitu kifupi. Niliposhuka nilipita mita mbili kutoka kwa Mobley. Alikuwa amevaa miwani yake, anasoma Kiambatisho C, kidole chini ya mstari. Hakuinua kichwa.

Jumatano, 15 Novemba

Nimelala hadi saa tatu asubuhi. Baridi ya kwanza.

Alhamisi, 23 Novemba

Sikukuu ya Shukrani. Mimi na Emmett, bata mzinga mdogo. Bima italipa theluthi ya karanga. Hakulitaja lingine.

Jumamosi, 25 Novemba

Vonetta alikuja tena kibarazani. Alikuwa na fomu ya gereza ya wageni, nusu imekwisha kujazwa kwa mwandiko wa herufi kubwa ambao si wake.

"Cedric ameweka jina lako kwenye orodha," akasema. "Usinishukuru, mimi nilimwambia asifanye."

"Anataka nini?"

"Anataka uende kabla jaji hajasema. Amesema hivi, nakupa kama alivyonipa: asije baadaye na pole, wala asije na hongera. Aje wakati hatujui." Akaninyooshea fomu. "Kuna pahali wanauliza uhusiano. Hapo hakujaza, amesema utajua mwenyewe uandike nini."

Nilichukua kalamu, nikasimama nayo muda mrefu kuliko inavyostahili fomu. Vonetta alingoja, mikono kifuani.

"Andika tu, Bi Loretta. Ndiyo kazi yako, si ndiyo?"

Niliandika: "Nilificha habari iliyomhusu." Mstari ulikuwa mfupi, maneno ya mwisho yakapanda pembeni. Vonetta aliusoma, akakunja fomu mara mbili.

"Wataikataa hiyo," akasema.

"Wakiikataa nitaandika nyingine."

"Ileile?"

"Ileile."

Akaitia mkobani. Kwenye ngazi ya mwisho aligeuka. "Pale getini hawaruhusu mkoba wala kalamu. Usije ukahangaika."

Ijumaa, 1 Desemba

Gereza limeidhinisha, kwa barua ya mistari mitatu. Mtu wa ofisi ya wageni amekata maneno yangu kwa wino mwekundu na kuandika "mtu anayefahamiana naye."

Karani wa mahakama, Macon, amethibitisha kwa simu leo kwamba Jaji Whitcombe atatoa uamuzi wa swali la muda kwa maandishi Ijumaa tarehe 15 Desemba. Akisema Mobley alichelewa, ombi limekufa na barua ya Faircloth haitafunguliwa. Akisema hakuchelewa, kiini kitasikilizwa Jumatatu tarehe 22 Januari.

Mimi natarajiwa gerezani Jumamosi tarehe 9, saa tatu asubuhi. Kila mgeni hupewa muda wa saa mbili.